Nairobi–New York: kwenda saa 15, kurudi saa 14 na nusu, wakati umbali ni uleule. Wajuzi wa anga njooni

#1 Mkazi wa Kipawa
Wakuu, salama?

Shemeji yangu anajiandaa kwenda New York kusoma, akaniomba nimsaidie kukagua safari. Anaitaka ile ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja, JKIA (uwanja wa Nairobi) hadi JFK (uwanja wa New York). Mtandaoni nimekuta ratiba ya tangu safari hiyo ilipoanza, Oktoba 2018: inatoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25 asubuhi. Kurudi inatoka 12:25 mchana, inafika Nairobi 10:55 kesho yake.

Ukisoma kwa pupa utasema kwenda ni saa 7 na kurudi ni saa 22 na nusu. Nikaweka tofauti ya saa 8 kati yetu na wao, nikapata saa 15 kwenda na saa 14 na nusu kurudi. Hapo ndipo maswali mawili yamenibana:

Kwanza, njia si ni ileile? Hiyo nusu saa inapotelea wapi?

Pili, umbali nimeambiwa ni kama km 11,800. Dege kubwa linakwenda karibu km 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 13 na kidogo. Zinazobaki karibu saa mbili wanafanya nini huko juu?

#2 Ng'wanza wa Igoma
Dunia inazunguka kuelekea mashariki, mkuu. Ukienda magharibi unapingana nayo, ukirudi inakubeba. Uzi ufungwe.

#3 Chalii wa Kiborloni
Ngoja wataalamu waje. Nimekaa paleee.

#4 Nondo Tatu
Usifungwe kwanza. Ng'wanza, hoja yako hata ikiwa kweli inatoa jibu la kinyume. Ukienda magharibi, New York ndiyo ingekuwa inakuja kukupokea, kwa hiyo kwenda kungekuwa kufupi. Mbona ni kurefu?

Dunia pale ikweta inazunguka kwa km 1,670 kwa saa, na hewa yote inakwenda nayo, pamoja na ndege iliyo ndani ya hewa hiyo. Ingekuwa hewa inaachwa nyuma, ningepaa na helikopta Ubungo, nining'inie angani saa moja na nusu hivi, nishuke karibu na Kinshasa bila nauli.

#5 Chalii wa Kiborloni
Nondo Tatu, kwenye hiyo helikopta nipe siti. Kinshasa nina deni la kudai.

#6 Fundi Rada
Jibu la swali la kwanza ni upepo. Kimo cha km 9 hadi 12, hapo ndege za safari ndefu zinapopita, kuna mikondo myembamba ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unapita kasi ya km 160 kwa saa bila shida, na majira ya baridi huko kaskazini unaweza kuvuka 300. Kwenda Marekani unaupokea usoni, kurudi unakusukuma mgongoni.

Mfano uliovuma ni wa Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara. Ndege ya British Airways ilitoka JFK ikafika Heathrow, London, kwa saa 4 na dakika 56. Kwa kawaida safari ile inakaribia saa 7. Kasi yake juu ya ardhi ilivuka km 1,300 kwa saa, lakini haikuvunja mwendo wa sauti, kwa sababu ndani ya hewa yenyewe ilikuwa na mwendo wake wa siku zote.

#7 Ng'wanza wa Igoma
Na huo upepo nani kautuma uelekee mashariki? Si huohuo mzunguko wa dunia? Hewa ya joto inapanda kwetu ikweta, inaelekea kaskazini, mzunguko unaipindisha, ndiyo upepo wako huo. Kwa hiyo post namba 2 ipo palepale.

#8 Nondo Tatu
Umeingilia dirishani, lakini haya. Tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha ndiyo injini, mzunguko ni usukani. Ila ulichosema mwanzo, kwamba "dunia inakubeba", hicho sikikubali hata uniletee wazee.

#9 Jirani wa Embakasi
Niaje wasee wa Bongo. Hii ni ndege ya kwetu, wacha niongee.

Nyote mmesahau kitu kimoja: Nairobi iko juu. JKIA ni karibu mita 1,620 kutoka usawa wa bahari, JFK ni mita chache tu. Huku hewa ni nyepesi, mabawa yanapata nguvu kidogo na injini pia. Ndege ikijazwa tangi mpaka pomoni na abiria wote 234 kwa Boeing 787-8 wanayotumia, kupaa kunakuwa hesabu ya kilo kwa kilo. Ndiyo sababu inaondoka usiku, baridi ikiwa imeingia na hewa imekuwa nzito kidogo.

Kama huamini, cheki Ethiopian Airlines. Addis iko juu zaidi, mita 2,300 na ushei. Kwa miaka mingi ndege yao ya Washington ikitoka Addis ilikuwa inasimama njiani kuongeza mafuta, mara Roma, mara Dublin, baadaye Lomé. Ikirudi? Washington hadi Addis moja kwa moja, bila kugusa chini. Umbali si uleule? Kilichobadilika ni uwanja wa kupaa.

#10 Fundi Rada
Jirani, mfano wa Addis ni mzuri, ila unaeleza mafuta na uzito, hauelezi muda wa angani. Ndege ikishapaa haikumbuki ilipaa kutoka mita ngapi. Na hata huo mfano una upepo ndani yake: kurudi wanasukumwa, kwa hiyo mafuta yanatosha. Huwezi kusema ni kimo peke yake.

#11 Jirani wa Embakasi
Na wewe huwezi kusema ni upepo peke yake. Ndege nzito mwanzoni haiwezi kupanda moja kwa moja kwenye kimo kizuri. Inaanza chini, ikichoma mafuta inapungua uzito, ndiyo inaruhusiwa kupanda tena, ngazi kwa ngazi. Hiyo nayo inaathiri safari, bana.

#12 Mpemba wa Maskati
Assalamu alaykum. Mnazungumza kana kwamba upepo wa juu ni mmoja dunia nzima. Huko kaskazini, sawa, unatoka magharibi. Lakini miezi ya Juni hadi Septemba, juu ya Bahari ya Uarabuni mpaka pembe ya Afrika, upepo wa juu unageuka na kuvuma kutoka mashariki. Sisi watu wa pwani hili halitushangazi. Majahazi ya babu zetu yaliishi kwa kusubiri kaskazi iwalete na kusi iwarudishe. Rubani naye ana misimu yake, ila hasubiri miezi sita bandarini.

Kwa hiyo Fundi Rada, hiyo safari ya Nairobi sehemu ya kwanza, hapa ikweta, huenda haina upepo mkali wa usoni kabisa. Kero inaanza Sahara kwenda mbele.

#13 Bi Mdogo wa Tanga
Mimi nimepanda hiyo ndege, sitaki fizikia, nasema nilichokiona. Ile skrini ya mbele ya kiti inaonyesha kasi. Kwenda, juu ya Atlantiki, ilikuwa inacheza kwenye 780, 800. Kurudi ilipita elfu moja, mpaka nikamgusa jirani yangu nikamwonyesha, akanuna maana alikuwa amelala.

Na tulifika Nairobi kabla ya muda. Watu wanapiga makofi, mimi natafuta viatu, miguu imevimba haiingii. Mwambieni huyo shemeji avae soksi za kubana na atembee tembee kwenye ujia. Saa 15 si mchezo, hata marubani wanakuwa wanne wanapokezana kulala.

#14 Mkazi wa Kipawa
Bi Mdogo, ubarikiwe, ya soksi nimeyaandika. Lakini sasa umenichanganya zaidi. Kama ni 780 kwenda na 1,000 kurudi, tofauti ingekuwa saa tatu hivi, si nusu saa ya kwenye ratiba!

#15 Mhasibu wa Anga
Ndiyo maana nikasubiri watu waseme kwanza. Tuweke namba.

Umbali mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, JKIA hadi JFK, ni kama km 11,840. Chukua mwendo wa 900 ndani ya hewa. Weka upepo wa wastani wa km 60 tu kwa saa kwa safari nzima (hiyo 780 ya Bi Mdogo ni ya Atlantiki peke yake, Mpemba kashasema ikweta ni hadithi nyingine). Kwenda ni 11,840 gawa kwa 840, saa 14 na dakika 6. Kurudi ni 11,840 gawa kwa 960, saa 12 na dakika 20. Tofauti ni saa moja na dakika 46.

Tazama na kingine: bila upepo ingekuwa saa 13 na dakika 9. Kwenda unapoteza dakika 57, kurudi unapata 49 tu. Hasara hairudi yote, kwa sababu kwenye upepo wa usoni unakaa muda mrefu zaidi.

Halafu njia. Watu wengi wanadhani ndege inapita Afrika ya Kati, Nigeria, Mali, Mauritania, kisha baharini, kwa sababu ndivyo rula inavyolala kwenye ramani ya ukutani. Kufuata rula hiyo ni karibu km 12,200. Njia fupi inapinda kaskazini: Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Moroko, halafu jirani na visiwa vya Azores, kisha unashuka pwani ya Marekani. Unaokoa zaidi ya km 300.

#16 Macho Wazi
Mnahangaika na "mviringo". Mngekubali kwamba dunia ni bapa msingehitaji hesabu zote hizo. Chukueni ramani yenye ncha ya kaskazini katikati, mtaona njia inanyooka yenyewe.

#17 Nondo Tatu
Nilijua utakuja. Kwenye ramani yako hiyo, Sydney na Santiago ya Chile ziko pembe mbili za mbali kabisa. Qantas inaruka kati ya miji hiyo moja kwa moja, km 11,300 na ushei, saa 12 na nusu hivi kuelekea Chile na kama 14 kurudi. Kwa ramani yako wangehitaji ndege isiyokuwapo duniani, wala angani. Na ona: hata kule kusini, kuelekea mashariki ndiko kufupi.

#18 Macho Wazi
Umeshawahi kuipanda hiyo ndege ya Chile?

#19 Chalii wa Kiborloni
Huyu hajapanda hata ya Mwanza. Anatujazia seva tu.

#20 Ng'wanza wa Igoma
Mwanza tuacheni. Sisi tuna meli.

#21 Jirani wa Embakasi
Mhasibu, njia yako ni ya kwenye karatasi. Anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipoanza Aprili 2023. Niger nayo ilifunga anga lake baada ya mapinduzi ya Julai mwaka huohuo, likafunguliwa Septemba. Libya mashirika mengi yanaikwepa siku zote. Sasa ukiangalia hiyo njia ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, unaona inavyopenya katikati ya matatizo. Wakilazimika kuzunguka, dakika zinaongezeka na hakuna upepo wa kulaumiwa.

#22 Mhasibu wa Anga
Ni kweli, ila mstari wenyewe unapita ukingoni mwa Darfur tu, magharibi mwa Sudan, kuukwepa si kilomita nyingi. Halafu ratiba ya mleta mada ni ya 2018. Wakati huo hayo ya 2023 hayakuwapo, na saa 15 zilikuwapo.

#23 Mstaafu wa Maegesho
Vijana, shikamooni wenyewe kwa wenyewe, mimi nipitie kidogo. Nimefanya kazi uwanjani miaka mingi, chini, si angani.

Muda wa kwenye tiketi si muda wa kuruka. Ni kuanzia ndege inaposukumwa kutoka mlangoni mpaka inaposimama mlangoni kule iendako. Nairobi usiku, kutoka mlangoni hadi kupaa ni muda mfupi. JFK mchana, mnaweza kupanga foleni nyuma ya ndege nyingi, mnasogea kama daladala za Mbagala jioni. Mpanga ratiba analijua hilo, anaongeza dakika upande wa kurudi. Ndiyo maana ile saa moja na dakika 46 ya Mhasibu ikifika kwenye tiketi inabaki nusu saa.

Na kuna dakika za akiba. Shirika likisema saa 14 na nusu halafu likafika kwa 14, abiria wanapiga makofi, kama alivyosimulia Bi Mdogo. Likisema 13 na nusu na kufika kwa 14, wanalalamika. Ndege ni ileile.

#24 Fundi Rada
Mzee wetu, marahaba kwa niaba ya wote. Ila akiba ya dakika ingewekwa pande zote mbili, si kurudi tu. Foleni ya JFK nakubali.

#25 Mstaafu wa Maegesho
Inawekwa pande zote, lakini si sawasawa. Kufika JFK alfajiri njia bado ni nyeupe.

#26 Dogo wa Sinza
Samahani natoka nje ya mada. Dar kwenda New York si bora kupita Doha? Watu wanasema Nairobi ni kuzunguka.

#27 Mhasibu wa Anga
Ni kinyume. Dar hadi New York kwa mstari mfupi ni kama km 12,440. Ukipita Nairobi jumla inakuwa karibu 12,500, yaani umezidisha km 60 hivi kwa safari ndefu namna hiyo. Nairobi iko njiani kabisa. Doha ni km 3,800 kwenda huko, halafu 10,770 kwenda JFK. Jumla karibu 14,600. Unapanda kaskazini mashariki halafu unageuka kwenda magharibi.

Ila umbali si nauli, wala si muda wa kusubiri kuunganisha. Ukikaa saa nane uwanjani, hizo km 2,000 ulizookoa umeshazilalia kwenye benchi.

#28 Dogo wa Sinza
Asante mkuu. Na kuhusu injini mbili juu ya Atlantiki? Ikizima moja?

#29 Fundi Rada
Inaendelea na iliyobaki mpaka uwanja wa karibu. 787 iliruhusiwa mwaka 2014 kuwa mbali na uwanja wa dharura kwa dakika 330 za kuruka na injini moja. Kwa njia hii hawafiki hata nusu ya hapo, Azores ipo katikati ya bahari.

Hiyo Azores ndiyo iliyowaokoa Air Transat Agosti 2001. Airbus A330 ilivuja mafuta yote juu ya Atlantiki, injini zote mbili zikazima. Rubani akairusha kama tiara kwa dakika zipatazo 19 na kuitua uwanja wa Lajes, hukohuko Azores. Watu 306 ndani, wote wakatoka hai.

#30 Bi Mdogo wa Tanga
Ningeyajua haya kabla ya kupanda nisingekula hata ule wali.

#31 Mpemba wa Maskati
Mleta mada, la muhimu kwa shemeji kuliko upepo wote huu ni tarehe. Huku kwetu kijana mmoja alikuwa na tiketi ya tarehe 12, saa 00:40. Yeye akaenda uwanjani usiku wa tarehe 12, amevaa suti, familia nzima imemsindikiza na maandazi. Ndege ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia. Saa sita na dakika 40 ya usiku ya tarehe 12 ni ule usiku unaoanza jioni ya tarehe 11! Hiyo 23:25 ina nafuu, ni saa tano na dakika 25 usiku wa siku yenyewe.

#32 Jirani wa Embakasi
Na aangalie mwezi. Wamarekani wanasogeza saa zao mbele Machi na kurudisha Novemba. Kiangazi tofauti yetu na New York ni saa 7, baridi ni 8. Ratiba nayo inabadilishwa. Asije akatumia hiyo ya 2018 mliyoikuta mtandaoni.

#33 Mkazi wa Kipawa
Nimepata upepo, kimo, foleni, anga kufungwa, akiba ya dakika, na dunia bapa. Shemeji kasoma yote, swali lake ni moja tu: akae upande gani aone Sahara?

#34 Mhasibu wa Anga
Kwenda asijisumbue, Sahara yote ni usiku. Kurudi, kwa ratiba ile ya kuondoka saa sita na dakika 25 mchana, wanaingia Moroko giza limeshatanda na jua linawachomozea Chad hivi. Hapo mchanga ataona. Jua litakuwa kushoto, kwa hiyo akae kulia asiumizwe macho.

#35 Bi Mdogo wa Tanga
Na asikae usawa wa bawa. Mimi nilipewa dirisha, nikatazama bawa mpaka Nairobi.

#36 Ng'wanza wa Igoma
Jua linachomoza kushoto kwa sababu dunia inazunguka kuelekea wapi, Nondo Tatu?